Waliomtenga Marsiana

Tangu ghala la ushirika lifungwe, Oswaldi alikuwa amezoea kukaa bila kuitwa na mtu. Zamani, msimu wa mavuno ulipofika, hakuna aliyepita kijijini Kasunsu bila kumsalimia, kwa kuwa yeye ndiye aliyesimama kwenye mizani, na mkulima hata awe na kiburi cha namna gani humnyenyekea mtu wa mizani. Kisha likaja soko huria. Serikali ikaacha kununua mahindi, ushirika ukafa kimyakimya, mbolea ikapanda bei mpaka watu wakawa wanaitazama dukani kama wanavyotazama nguo za harusi, na malori ya matajiri yakaanza kuja yanapotaka na kununua kwa bei yanayotaka. Oswaldi akarudi shambani kupiga matuta kama wenzake. Watu waliendelea kumsalimia, maana Wafipa hawanyimani salamu, lakini hakuna aliyesimama kumngoja aseme jambo.

Basi ulipokuja ujumbe kutoka kata kwamba amechaguliwa kwenda semina Sumbawanga mjini, alipiga pasi shati lake la zamani la kazi, lile ambalo mkewe, Evodia, alishaanza kulihesabu miongoni mwa matambara.

Semina ilihusu dawa za kulevya. Hata kule juu uwandani, kwenye baridi na upepo, bangi ilikuwa imeshaingia. Ilifichwa katikati ya mahindi, na wanunuzi walikuja kwa baiskeli kutoka upande wa mpakani wakiwa na fedha mkononi, jambo ambalo mahindi hayakuwa nalo tena. Vijana walianza kwa kuilima, wakaishia kuivuta.

Mwalimu wao alikuwa Jenifer, ofisa wa maendeleo ya jamii, mwenyeji wa Mbeya, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutosha uwanja wa mpira. Hakuwafundisha habari za polisi na mahakama. Aliwafundisha namna ya kuwaleta watu pamoja: katekista na mchungaji, mkulima na mfugaji, mwalimu na mwenye kilabu cha pombe, namna ya kugawana kazi ili mmoja akichoka shughuli isilale, namna ya kusikiliza bila kukatiza.

“Kukusanya watu si kazi,” aliwaambia siku ya kufunga. “Piga ngoma, watakuja. Kazi iko mwaka wa pili. Na nawaomba sana, msiwakusanye watu kwa kuwaonyesha adui. Watakuja mbio, ndiyo. Lakini umoja uliolelewa kwa chuki utadai chakula kilekile kila siku.”

Oswaldi alimgeukia mwenzake na kumwambia kwamba yule mama anasema kweli tupu. Aliamini hivyo kwa moyo wake wote.

Mkutano wa kwanza wa Umoja wa Kuzuia Dawa za Kulevya Kasunsu ulifanyika katika darasa la shule ya msingi. Walikuja watu wa kuhesabika kwa vidole. Alikuja katekista. Alikuja Malimi, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka ya nyuma na ambaye wafugaji wenzake walimsikiliza. Evodia alikuja kwa sababu ni mke wa mwenyekiti, na mwalimu mkuu alikuja kwa sababu ndiye aliyekuwa na ufunguo. Oswaldi aliongea juu ya watoto, juu ya kuwatafutia vijana shughuli, juu ya mazao ambayo bado yangeweza kuuzika. Walimsikiliza kwa adabu. Mkutano wa pili mwalimu mkuu alituma ufunguo bila yeye mwenyewe.

Mkutano uliofuata aliingia Leonidas, mwenye mashine ya kusaga. Kila mtu alijua habari za mwanawe, Amos, aliyerudishwa kutoka sekondari akiwa anacheka peke yake, na ambaye sasa alishinda kwenye baraza la ghala tupu akiongea na ukuta. Leonidas hakukaa.

“Mwenyekiti,” alisema, “unatuambia bangi ni mbaya kama vile sisi hatujui. Mimi najua. Ninaiona kila asubuhi nikimnawisha mwanangu uso. Sisi tunataka utuambie kitu kimoja tu. Nani anailima?”

Habari ya swali lile ilienea kijiji kizima kabla jua halijatua. Wiki iliyofuata darasa lilijaa, watu wakasimama hadi madirishani. Oswaldi alipoingia walimpisha njia. Aliyakumbuka maneno ya Jenifer, lakini aliyakumbuka kama mtu anavyokumbuka kwamba aliacha mlango wazi nyumbani, akiwa ameshafika mbali. Alijiambia kwamba la muhimu ni watu wamekuja, kuwaelekeza kutafuata.

Walikwenda mashambani kukagua. Bangi waliyoikuta kwanza, mashina machache yaliyosongamana katikati ya mahindi yenye majani ya njano, ilikuwa katika shamba la Marsiana.

Marsiana alikuwa mjane wa Leonsi, na Leonsi ndiye aliyekuwa akibeba magunia ghalani wakati Oswaldi akipima. Walikula ugali sahani moja miaka mingi. Ndiyo maana Oswaldi na Marsiana waliitana shemeji, na Maria, binti mdogo wa Marsiana aliyekuwa bado hajaanza shule, alimwita Oswaldi baba.

Aliposimamishwa mbele ya mkutano, Marsiana hakukana.

“Ni yangu,” alisema. “Mahindi ya mwaka jana niliyauza bei ya maji. Mbolea siiwezi, na shamba bila mbolea mnaliona lilivyo. Mtu mmoja akaniletea mbegu, nikapanda. Nimekosa. Ing'oeni, sitapanda tena.”

Bangi ilikuwa imeshang'olewa na kuchomwa. Oswaldi aliona kwamba shauri limekwisha, na kama angesema hivyo, pengine lingekwisha kweli. Lakini sauti zilikuwa zimeshapanda. Leonidas alikuwa anauliza ni nani atakayemrudishia mwanawe akili. Hakuna aliyejiuliza kama bangi ya Amos ilitoka kwenye mashina yale machache au kwingine. Mtu mmoja nyuma akasema, “Atengwe!” Wengine wakadakia. Oswaldi akanyanyua mkono.

Kukawa kimya. Watu wote wale, wa ndani na wa madirishani, wakamgeukia yeye. Tangu enzi za mizani hakuwa amekutana na kimya cha namna ile, kimya cha watu wanaongoja neno litoke kinywani mwake. Kilimpanda kichwani kama pombe.

“Atengwe kwa muda,” alisema, “mpaka tuuone mwenendo wake.”

Wakapiga makofi. Marsiana alimtazama shemejiye kidogo tu, kisha akajifunga upya kanga yake kiunoni, akatoka.

Kutengwa maana yake ilijulikana. Asisalimiwe. Asiazimwe moto wala chumvi. Mashine isimsagie. Akifika kisimani, wengine waondoke. Na atakayemsaidia atozwe mbuzi.

Ilipita wiki, ikapita nyingine. Umoja ukazidi kunenepa. Wakakuta bangi kwingine, wakaing'oa. Wenye mashamba walipoikumbuka hali ya Marsiana walilipa faini haraka na kuapa kwa sauti. Kila mkutano, “muda” ule aliousema Oswaldi haukutajwa. Yeye mwenyewe alingoja mtu mwingine autaje.

Jenifer alikuja kuwatembelea. Aliposhuka garini na kuona umati uliompokea kwa nyimbo, alishika kichwa kwa furaha. Alisema kwamba kati ya vijiji vyote alivyovifundisha, vingine vilishalala, lakini Kasunsu imesimama. Alimpongeza Oswaldi hadharani. Baadaye, walipomaliza kula nyumbani kwa Oswaldi, akauliza, “Yule mama mliyeanza kumng'olea, ningependa nimwone. Watu kama yule ndio tunaowahitaji ndani ya umoja kuliko hata hawa wanaoimba. Yuko wapi?”

“Amesafiri,” alisema Oswaldi.

Evodia alikuwa anamnawisha mgeni mikono. Aliendelea kumimina maji, hata mikono ya mgeni ilipokwisha kutakata.

Mvua za mwaka ule zilikuwa zile za El Nino, ambazo watu wanazitaja mpaka leo. Zilikata barabara, zikazoa madaraja, zikaleta homa na kuhara. Alasiri moja Marsiana alikuja kwenye kibaraza cha Oswaldi akiwa amelowa, Maria akiwa mgongoni. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala upande, macho nusu wazi.

“Shemeji,” alisema, “najua nimetengwa. Ila huyu hajatengwa. Ameharisha tangu jana, sasa hata kulia halii. Nipe baiskeli na mtu wa kunisukumia, nimfikishe zahanati kwa masista Kaengesa.”

Baiskeli ilikuwa pale, imeegemea ukuta. Oswaldi aliitazama. Evodia alimtazama yeye.

“Ngoja kidogo, shemeji,” alisema. “Kaa hapo, upumzike. Nakwenda kuwaambia wenzangu, mara moja tu.”

Evodia akamfuata hadi nje, kwenye mvua. “Unakwenda kuwaambia nini, na baiskeli iko hapa?”

“Nikivunja mimi mwenyekiti, nani atashika?”

“Mtoto anakufa, baba.”

“Narudi sasa hivi,” alisema Oswaldi, akaondoka karibu anakimbia, ili mwenyewe aamini kwamba anafanya haraka.

Mashine ya Leonidas ilikuwa inanguruma. Ilibidi angoje debe la mtu liishe ndipo waweze kusikilizana. Leonidas alimsikiliza, akajipangusa unga usoni. Hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulibadilika aliposikia ni mtoto. Lakini alisema, “Mimi na wewe peke yetu tukiamua, watasema tunapendelea. Tupite kwa wenzetu.” Wakapita. Wa kwanza alikubali. Wa pili alitaka kujua je, mama akishafika huko atarudi kulipa faini kama wenzake? Wa tatu walimkuta shambani ng'ambo ya kijito. Mwisho wote walikubali, kila mmoja kwa moyo safi, na Oswaldi akarudi kwake akiteleza kwenye matope, akiwa na ruhusa.

Kibaraza kilikuwa kitupu.

“Amekwenda kwa Malimi,” alisema Evodia. “Nilimfunika mtoto kanga yangu. Nilitaka niende naye, akanikataza. Akasema nisije nikatozwa mbuzi.”

Oswaldi akaichukua baiskeli. Alipanda, akaanguka, akaikokota, akapanda tena. Matairi ya mkokoteni wa Malimi yalikuwa yamechora mistari miwili kwenye tope jekundu, naye akaifuata. Aliwakuta wakiwa njiani. Lakini mkokoteni ulikuwa umegeuka, walikuwa wanarudi. Malimi alikuwa anatembea kando ya maksai wake, nguo zimelowa hadi kifuani, maana kwenye mto alikuwa amewafungua ng'ombe na kumvusha mtoto begani. Walikuwa wameshavuka. Ilikuwa ng'ambo, wakati anawafunga tena ng'ombe, ndipo mama aliponyanyua kanga na kuona.

Marsiana alikuwa amekaa ndani ya mkokoteni, ameupakata mwili wa mwanawe. Oswaldi alivua kofia. Mvua ikampiga kichwani.

“Shemeji,” alisema.

Marsiana alimtazama kama mtu anavyomtazama mpita njia.

“Mmekubaliana?” aliuliza.

Oswaldi hakuwa na jibu lingine ila lile alilokuja nalo. “Ndiyo. Wamekubali.”

“Asanteni,” alisema Marsiana. Malimi akawapigia maksai mluzi, wakaendelea.

Kwa kawaida Kasunsu msiba ukitokea watu hukimbilia. Wanaume huchukua majembe hata kabla hawajaulizia ni nani aliyefariki. Siku ya kumzika Maria watu walikaa majumbani. Walikuwa wamesikia kwamba kutengwa kumeondolewa, lakini hakuna aliyekuwa amelitangaza hilo kwa kinywa kinachojulikana, na kila mmoja alimngoja mwenzake atoke kwanza. Oswaldi aliliona hilo tangu asubuhi, milango iliyofunguliwa nusu, macho nyuma ya milango. Akachukua jembe, akapita katikati ya kijiji peke yake. Alipofika, Malimi na wanawe walikuwa wameshachimba hadi magotini. Oswaldi akaingia kaburini, akachimba. Udongo ulikuwa mzito kwa maji, na kaburi lilikuwa fupi mno. Hakuna aliyemkaribisha, wala hakuna aliyemfukuza.

Evodia alikuja na wanawake wachache. Katekista alikuja akasali. Leonidas alifika hadi barabarani, akasimama kofia mkononi mpaka mazishi yalipokwisha, kisha akageuka.

Wengi walidhani mambo yangetulia hapo. Lakini mkutano uliofuata watu walijaa kuliko siku zote. Mtu mmoja akasimama na kusema kwamba msiba ni msiba, pole kwa aliyefiwa, lakini sheria ni sheria: Malimi alimpakia Marsiana kabla ruhusa haijatoka. Atoe mbuzi. Mwingine akaongeza kwamba hawa wafugaji ndivyo walivyo, hata mashamba ya watu wanalishia ng'ombe bila kuuliza. Wa tatu akakumbuka kwamba wanunuzi wa bangi huonekana wakipita upande wa kule kwenye maboma yao. Oswaldi, amekaa mbele, aliwatazama. Walikuwa majirani zake, watu wema, waliompa mbegu mwaka wa njaa. Na macho yao yalikuwa yamechangamka, kama ya watu wanaosikia harufu ya nyama. Malimi alikuwa amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamembana, anasubiri kusikia atafanywa nini.

“Mbuzi nitatoa mimi,” alisema Oswaldi. “Tena ningepaswa kutozwa zaidi, maana baiskeli ilikuwa kwangu. Na leo naufunga Umoja huu.”

Zikazuka kelele. Leonidas, ambaye hakuwa ameongea siku ile, alisimama. “Huwezi kuufunga,” alisema kwa upole. “Si wako.”

Alisema kweli. Oswaldi alitoka, na waliotoka naye ni Malimi, Evodia na katekista. Waliobaki wakachagua mwenyekiti mwingine kabla hao wanne hawajafika lango la shule.

Barabara ilipopitika, Oswaldi alidandia lori hadi Sumbawanga. Alimkuta Jenifer ofisini, akamweleza yote, tangu makofi hadi kaburi. Jenifer alisikiliza bila kukatiza, kama alivyokuwa akiwafundisha. Mwisho alisema, “Nilikuuliza yuko wapi.”

“Uliniuliza.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ulikuwa unanisifu,” alisema Oswaldi.

Jenifer alinyanyuka akaenda dirishani, akampa mgongo. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, lakini hakumfariji. “Sina semina ya jambo hili,” alisema. “Nilikuja, nikaona umati, nikafurahi nikaondoka. Sikutembea nyumba hata moja.” Akavuta kiti. “Sasa nieleze tena pale mwanzo. Wale waliokuja mkutano wa kwanza ni akina nani?”

Marsiana hakukaa kungoja lolote. Mvua zilipokatika aliuza jembe na sufuria kubwa, akafunga vilivyobaki kwenye shuka, aende Wampembe, huko ziwani, kwa dada yake aliyeolewa na mvuvi. Oswaldi alimkuta njiani, akaomba ambebee mzigo hadi kwenye magari.

“Ninaumudu,” alisema Marsiana. “Sina kinyongo na wewe, shemeji. Kinyongo kinataka nguvu, na mimi nguvu nazihitaji kwa safari. Ila popote utakapofika, usinitaje kwenye mikutano yako. Mimi si mfano.”

Akaupandisha mzigo kichwani, akaenda zake.

Umoja ule mkubwa haukumaliza mwaka. Ulimtoza mmoja, ukamtoza mwingine, mwisho wajumbe wakaanza kushukiana wao kwa wao, na siku moja darasa halikufunguliwa. Bangi ikarudi katikati ya mahindi, ndefu na ya kijani kibichi.

Wale wanne walikutana nyumbani kwa Malimi siku za Jumapili, baada ya ibada. Hawakujipa jina. Jenifer alikuja kila alipopata gari, na sasa alianza kwa kupita nyumba kwa nyumba. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo na ya kuchosha. Evodia na wanawake wenzake walipokezana kushinda na Amos ili Leonidas apate kufanya kazi, na Leonidas, bila kusema kitu, akaanza kuwasagia bure. Kuna kijana aliyeacha kuvuta, akarudia, akaacha tena.

Kisha wakasikia kwamba Jafeti, kijana aliyekuja na wazazi wake kutoka Mbeya na ambaye mkewe alikuwa mjamzito, ana bangi nyuma ya nyumba. Oswaldi na Malimi walikwenda asubuhi. Jafeti aliwatolea vigoda, lakini mwenyewe hakukaa.

“Mmekuja kung'oa?” aliuliza.

“Tumekuja kuwasalimu,” alisema Malimi.

Jafeti hakuamini, na Oswaldi aliona kwamba hana sababu ya kuamini. Waliongea juu ya bei ya maharage. Waliongea juu ya mimba ya mkewe, ilikuwa ya kwanza, na namna ya kumfikisha hospitali siku ikifika. Malimi akasema mkokoteni wake upo, asisite. Jua lilipokuwa kali, wakaaga. Bangi ilikuwa imesimama palepale nyuma ya nyumba, inaonekana wazi na inanuka.

Walitembea hadi njia panda.

“Hajakubali,” alisema Malimi.

“Hajakubali,” alisema Oswaldi. Tangu siku ya kaburi alikuwa akiogopa kila neno alilolitamka mbele za watu, na hofu ile haikuwa imepungua. “Ulimwona mkewe? Miguu imevimba.”

“Niliiona.”

“Nitamwambia Evodia aje amwone kesho. Sisi tuje tena Alhamisi.”

Malimi akakubali, akakata kushoto kuwafuata ng'ombe wake. Oswaldi akashika njia ya shambani, maana palizi ilikuwa imechelewa.